Sahihi Ipitiayo Posta: Ni Mkono wa Nani?



Lugha yetu ina neno moja lenye kazi mbili. Mtu akiandika jina lake kwa mkono wake chini ya waraka, twasema ametia sahihi. Na jambo likiwa la kweli, lisilo na kasoro, hilo nalo twaliita sahihi. Atazamaye kwa makini ataona kwamba maana ya pili ndiyo sharti la ile ya kwanza. Jina lililoandikwa na mkono usio wa mwenyewe ni wino tu.

Wiki hii tumependa kuutazama kwa jicho hilo uraibu ulioenea sana Marekani na Uingereza, ambao kijana wetu yeyote mwenye mchezaji au mwandishi ampendaye aweza kuutamani: kukusanya sahihi za watu mashuhuri kwa njia ya posta. Mzazi akiulizwa na mwanawe, ni vyema awe na la kujibu zaidi ya "acha upuuzi".

Uraibu wenyewe

Mkusanyaji humwandikia mtu mashuhuri barua fupi ya ukurasa mmoja, aghalabu kwa mkono wake. Hujitambulisha, hutaja jambo mahususi alilolipenda katika kazi ya mtu yule, kisha huomba sahihi kwa adabu. Ndani ya bahasha hutia kadi au picha ya kutiwa sahihi, kipande cha kadibodi ili picha isikunjike, na bahasha ya pili yenye stempu na anwani yake mwenyewe, ili anayejibu asigharimike hata senti. Mchezaji huandikiwa kwa anwani ya klabu yake, mwandishi kwa anwani ya mchapishaji wake. Kisha mkusanyaji huandika tarehe katika daftari na kungoja. Majibu mengine huja baada ya wiki chache, mengine baada ya miaka, na mengine hayaji kabisa.

Ile bahasha ya pili si jambo dogo. Kabla ya Uingereza kuanzisha posta ya peni moja mwaka 1840, aghalabu aliyelipia barua ni yule aliyeipokea. Kumwandikia mtu usiyemjua ilikuwa ni kumtwisha deni asilolitaka. Mtumaji alipoanza kulipa yeye, ndipo mtu wa kawaida alipoweza kubisha hodi kwa mkubwa bila kumwudhi. Mkusanyaji wa leo anayelipia hata jibu anaendeleza adabu hiyo hiyo.

Aandikaye kutoka nchi nyingine hukutana na kikwazo, kwa kuwa stempu ya Kenya haiwezi kuisafirisha barua kutoka Uingereza. Umoja wa Posta Duniani uliliona tatizo hili zamani, na katika mkutano wake wa Roma mwaka 1906 ukaanzisha kuponi ya kimataifa ya majibu. Mtumaji huinunua kwao na kuitia ndani ya barua, na apokeaye huibadilisha kwa stempu za nchi yake. Si kila nchi iliyoendelea kuiuza, kwa hivyo anayeihitaji aulize posta kwanza.

Miongoni mwa wakusanyaji wa mwanzo wa Marekani alikuwamo mhubiri wa Kikristo wa mji wa Albany, William Buell Sprague, aliyefariki mwaka 1876. Huhesabiwa kuwa ndiye wa kwanza kukamilisha sahihi za watu wote 56 waliotia mkono Tamko la Uhuru la Marekani la 1776. Alipokuwa kijana, akifundisha watoto katika nyumba ya jamaa za George Washington, aliruhusiwa kuchukua barua za asili za rais huyo kwa sharti kwamba aache nakala mahali pake. Yeye alitaka karatasi iliyoguswa na mkono wenyewe. Wenye nyumba waliridhika na maneno yaliyonakiliwa. Hapo ndipo penye siri ya uraibu huu wote: maneno yaweza kunakiliwa, lakini mkono haunakiliki.

Bahasha inaporudi

Siku bahasha inaporudi, mkusanyaji mzoefu hafurahi haraka. Kilichomo chaweza kuwa kimojawapo cha vitu vitano: sahihi ya mwenyewe, jina lililoandikwa na karani wake, muhuri wa mpira, picha iliyochapwa pamoja na sahihi yake, au kazi ya mashine.

Mashine hiyo hushika kalamu halisi yenye wino halisi, na kuiongoza kufuata umbo la sahihi lililochongwa mapema. Imetumika katika ofisi za Marekani tangu katikati ya karne iliyopita. Rais John F. Kennedy aliitumia sana, hata mwaka 1965 mfanyabiashara wa sahihi wa New York, Charles Hamilton, akatoa kitabu kizima cha kuonyesha ni sahihi zipi za rais huyo zilizotoka kwenye mashine.

Namna ya kuitambua ina mafunzo ndani yake. Mwanadamu hawezi kutia sahihi mbili zikafanana nywele kwa nywele. Leo mkono una haraka, kesho umechoka, keshokutwa kalamu inateleza. Ukiziweka sahihi mbili moja juu ya nyingine mbele ya taa na zikalingana kila pembe, basi angalau moja haikutoka mkononi mwa mtu. Tena mstari wa mashine una uzito mmoja mwanzo hadi mwisho, ilhali mkono hukaza hapa na kulegeza pale. Kasoro ndogo ndogo ndizo ushahidi kwamba palikuwa na mtu.

Je, kuna ubaya gani mkubwa akisaidiwa na mashine? Mnamo Novemba 2022 wapenzi wa mwimbaji Bob Dylan walilipa dola 599 kwa kila nakala ya kitabu chake iliyonadiwa kuwa imetiwa sahihi kwa mkono. Walipolinganisha nakala zao wakakuta sahihi zimefanana mno. Mchapishaji akarudisha fedha, na Dylan mwenyewe akaomba radhi na kukiri kwamba ilitumika mashine. Hiyo ni hasara ya fedha, na fedha hurudishwa.

Lakini Desemba 2004 lilifichuka lililo zito zaidi. Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Donald Rumsfeld, alikiri kwamba hakuwa ametia sahihi kwa mkono wake kila barua ya rambirambi iliyopelekwa kwa jamaa za askari waliouawa. Barua hizo zilikuwa zimepita 1,000. Akaahidi kwamba tangu hapo atazitia sahihi yeye mwenyewe. Kuhusu vita vile tunayo yetu ya kusema, na si hapa mahali pake. Ila mama ni mama. Aliyefiwa na mwanawe akafungua barua ya pole, kisha akaja kujua kwamba aliyempa pole hakushika hata kalamu, huyo ameongezewa msiba juu ya msiba. Yule wa kitabu alinyimwa alichokinunua. Huyu mama alinyimwa dakika moja ya mtu kukaa na jina la mwanawe mbele yake.

Pete ya fedha

Sisi Waislamu jambo hili si geni kwetu. Mtume wetu, swalla Llahu alayhi wasallam, alipotaka kuwaandikia wafalme aliambiwa kwamba wao hawasomi barua isiyo na muhuri. Akafanyiwa pete ya fedha iliyochorwa jina lake na Utume wake, na akakataza mtu mwingine yeyote asichore mchoro kama ule. Tazama hekima iliyomo. Muhuri wenye nakala mbili hauthibitishi kitu, kwa kuwa msomaji hajui tena nani aliyeutia.

Baada yake pete hiyo ilivaliwa na Sayyidna Abubakar, kisha Sayyidna Umar, kisha Sayyidna Uthman, radhi za Allah ziwe juu yao, hadi ilipomponyoka katika kisima cha Aris mjini Madina, ikatafutwa siku tatu isionekane. Na wanahistoria wamesimulia kwamba katika fitina iliyomwua Sayyidna Uthman palikuwa na barua yenye muhuri wake, naye akaapa kwamba hakuiandika wala hakuijua. Muhuri bila mkono wa mwenyewe ulichochea umwagaji wa damu.

Tamaa nayo haikosi

Palipo na thamani, matapeli hawako mbali. Katika miaka ya 1990 wapelelezi wa Marekani waliwanasa watu waliokuwa wakighushi sahihi za wanamichezo na kuziuza; na miongoni mwa vitu vilivyokamatwa ilikuwamo mipira ya besiboli yenye sahihi ya bandia ya Mama Teresa! Waliopewa sahihi za kweli nao, wako waliozifanya bidhaa. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alikuwa akiwajibu waliomwandikia kwa miaka mingi. Mnamo 1994 akakoma, baada ya kujua kwamba sahihi zake zinauzwa. Mtoto aliyeandika mwaka 1995 kwa moyo safi hakupata kitu, kwa sababu ya tamaa ya watu wazima waliomtangulia.

Nasaha kwa wazazi

Mwanao akitaka kuuingia uraibu huu, hatuoni sababu ya kumkataza, maadamu hauna israfu wala kumtukuza mwanadamu kupita mpaka. Utamfunza kuandika barua iliyonyooka, kusubiri, na kushukuru ajibiwapo. Ila tunausia mambo manne.

Kwanza, atumie sanduku la posta la mzazi, wala asitaje nyumba mnayokaa, wala asitie picha yake. Pili, aseme kweli: wako wanaojisingizia ugonjwa ili waonewe huruma, na huo ni uongo hata ukipitia posta. Tatu, asiuze alichopewa bure. Nne, muwekeeni kiasi cha fedha za stempu kwa mwezi, naye asikipite.

Na daftari lake la kwanza lianze nyumbani. Katika makasha ya nyumba nyingi za mwambao wetu mna barua za wazee zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na majina yao chini. Mtoto azitoe, azifute vumbi, amwombe nyanya yake amsomee. Amwombe mwalimu wake wa chuoni amwandikie mstari mmoja na jina lake. Wazee hawa hawana mashine wala makarani, nao hawatakuwapo daima.

Mwisho, na hili twawaambia hasa akina mama: mtoto anayejua thamani ya mkono wa mtu mwingine atajifunza na thamani ya mkono wake. Mara ngapi mwanamke huletewa karatasi ya mkopo au ya shamba la urithi, akaambiwa "tia sahihi hapa tu", akatia bila kusoma? Isome, au usomewe na unayemwamini, kabla hujaishika kalamu. Hakuna atakayekurudishia sahihi yako ikishatoka.

Wabillahi tawfiq.