Kipandauso cha kila mwezi: Hesabu siku kabla ya kuanza dawa ya kila siku

Nanighi, kando ya mto Tana nchini Kenya, siku ya mwanamke huanza kabla jua halijachomoza. Kuna mbuzi wa kukamua, maji ya kuteka na moto wa kuwasha. Mfikirie mama ambaye kila mwezi, siku mbili hivi kabla ya kuona hedhi, huamka upande mmoja wa kichwa ukimgonga kama mchi kinuni. Mwangaza wa mlangoni unamchoma macho. Moshi wa kuni unamtapisha. Anafunga leso kichwani, anaikaza, anajilaza gizani. Kazi zake zinamwangukia binti yake, ambaye siku hiyo haendi shule.

Kiswahili kina jina la ugonjwa huu: kipandauso. Lakini wengi wanaougua hawalitaji. Husema tu, "Nina kichwa." Na kwa kuwa kando ya Tana mbu hawakosi, kichwa kikiuma kinachoshukiwa kwanza ni malaria. Kupima ni jambo jema. Ila kipimo kikionyesha hakuna malaria mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu, na maumivu yakarudi siku zilezile, inafaa mtu aanze kuuliza jambo jingine.

Kuna dawa za kukinga kipandauso. Humezwa kila siku, hata siku ambayo kichwa hakiumi. Je, azianze? Uamuzi huu si mwepesi. Mtu anayetembea na kufanya kazi zake, kumeza kidonge kila uchao huona kama anajiita mgonjwa. Rai yangu ni hii: dawa hizi zisiogopwe, wala zisikimbiliwe. Kwanza mtu ahesabu siku zake.

Kwa nini hedhi

Homoni ya estrojeni hupanda na kushuka katika mwili wa mwanamke, na siku chache kabla ya hedhi hushuka kwa kasi. Mwaka 1972, daktari Brian Somerville wa Australia alieleza alichoona baada ya kuwadunga wanawake homoni hiyo karibu na hedhi. Damu ilikuja kwa wakati wake, lakini kichwa kilichelewa. Kiliuma pale homoni iliposhuka. Basi kinachoamsha maumivu ni ule mshuko.

Hii ndiyo sababu baada ya kubaleghe wanawake wanaougua kipandauso huwa karibu mara tatu ya wanaume. Ndiyo sababu pia wengi hupata nafuu mimba ikishakua, maumivu yakazidi umri wa kukoma hedhi unapokaribia, kisha yakapoa. Anayelazwa na kichwa siku tatu kila mwezi si mvivu, wala hajarogwa. Watafiti wanaolinganisha maradhi ya dunia nzima wamekiweka kipandauso nambari moja miongoni mwa yanayowalemaza wanawake vijana.

Hesabu tatu

Chukua kalenda ya ukutani au daftari la mtoto la shule. Kwa miezi mitatu, tia alama siku kichwa kilipouma, siku za hedhi, na siku ulizomeza dawa ya maumivu.

Hesabu ya kwanza ni ya kichwa. Kikiuma siku nne au zaidi kwa mwezi, dawa ya kukinga inafaa kuzungumziwa na tabibu. Hata siku zikiwa chache, kama zinakuangusha kitandani na vidonge vya kawaida havisaidii, mazungumzo hayo bado ni haki yako.

Hesabu ya pili ni ya dawa za maumivu, na hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Paracetamol huuzwa hata kwenye duka la unga na sukari, vidonge viwili viwili. Anayezimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa hizo zenyewe zinaweza kumletea maumivu ya kichwa. Kwa vidonge vya mchanganyiko, kama vile vyenye aspirini, paracetamol na kafeini pamoja, siku 10 zinatosha kumfikisha huko. Wako wanaoogopa kidonge kimoja cha kukinga kwa siku, na huku tayari wanameza vinne vya kutuliza.

Hesabu ya tatu ni ya hedhi. Maumivu yakiangukia kati ya siku mbili kabla ya damu na siku ya tatu ya damu, angalau miezi miwili kati ya mitatu, hicho ni kipandauso cha hedhi. Ikiwa siku nyingine zote u mzima na hedhi yako haibadilishi tarehe, huenda huhitaji dawa ya mwaka mzima. Tabibu anaweza kukupa kinga ya siku chache, kwa mfano naproxen mara mbili kwa siku, ukianza siku mbili kabla ya hedhi na kuendelea siku tano au sita, ukiwa umekula. Haimfai mwenye vidonda vya tumbo, mwenye matatizo ya figo, wala mjamzito.

Vidonge vyenyewe

Dawa ya kukinga inayojulikana zaidi, propranolol, ilitengenezwa kwa ajili ya moyo. Aliyeiongoza kazi hiyo, James Black wa Uskoti, alipata tuzo ya Nobel mwaka 1988. Faida yake kwa kichwa iligunduliwa kwa bahati: mwaka 1966 madaktari waliokuwa wakitibu maumivu ya kifua waliona mgonjwa wao akipona na kipandauso pia. Leo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu kwa kazi hiyo hasa. Ni dawa ya zamani, na bei yake si ya kutisha. Lakini mwenye pumu asiimeze. Hupunguza mapigo ya moyo na shinikizo la damu, na wengine huwachosha au kuwaletea ndoto mbaya.

Ya pili ni amitriptyline, ambayo huanzwa kwa kipimo kidogo usiku. Humfaa asiyepata usingizi, ingawa hukausha kinywa na huweza kuongeza uzito.

Ziko mbili ambazo mwanamke lazima aziulizie: valproate na topiramate. Zote zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, na valproate haifai kupewa mwanamke anayeweza kushika mimba kwa sababu ya kipandauso. Uliza hata kama hukuulizwa.

Uliza pia kuhusu uzazi wa mpango. Kabla kichwa hakijauma, wengine huona mimemeto machoni au hupata ganzi upande mmoja wa mwili. Mwenye dalili hizo hatakiwi kutumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, kwa kuwa huongeza hatari ya kiharusi. Sindano ya miezi mitatu na vipandikizi vya mkononi havina estrojeni.

Ukishaanza dawa ya kukinga, subira inahitajika. Isihukumiwe kabla ya wiki nane hadi kumi na mbili. Si dawa ya kuufuta ugonjwa. Siku za maumivu zikipungua nusu, imefanya kazi. Hali ikitulia miezi sita hadi kumi na miwili, tabibu hupunguza kipimo pole pole aone kama utaweza bila dawa.

Mto ukifurika

Kwa mtu wa kando ya Tana kuna swali ambalo wa mjini halijali sana: dawa ikiisha, nitaipata wapi? Propranolol haiachwi ghafla, kwani moyo unaweza kwenda mbio na shinikizo kupanda. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilikata barabara Garissa na Tana River, na mwaka uliofuata mto ulifurika tena. Basi kabla ya kidonge cha kwanza, hakikisha una akiba ya miezi, si ya wiki, na ujue nani atakupima. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba na serikali Septemba 2023 wana mashine ya shinikizo la damu. Mtumie wa kijiji chako.

Na Ramadhani? Dawa ya mara mbili kwa siku huweza kupangwa daku na futari, ukishauriana na tabibu kabla mwezi haujaandama. Maji ya kutosha usiku, usingizi, na kupunguza chai nzito mapema badala ya kuikata siku moja, navyo husaidia.

Maumivu yanayolipuka ghafla kuliko yote uliyowahi kupata, yenye homa na shingo kukakamaa, yenye mkono au mguu kulegea, au yanayomkuta mjamzito, hayo si ya kuwekewa kalenda. Ni ya kukimbizwa hospitalini mara moja.

Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti. Ninaziomba Garissa na Tana River zihakikishe propranolol na amitriptyline hazikosekani katika zahanati za kando ya mto, na kwamba tabibu anayepokea mwanamke mwenye maumivu ya kichwa yasiyotokana na malaria anamwuliza tarehe ya hedhi yake. Waume nao, mke akijifungia gizani, wasimwite mvivu, wamshikie kazi.

Nawe mama unayeusoma ukurasa huu ukiwa umefunga leso kichwani, anza leo. Tia alama ya kwanza. Baada ya miezi mitatu ipeleke kalenda hiyo kwa tabibu, na uamuzi mtakaoufikia utakuwa umetokana na siku zako mwenyewe.