Niliacha Uhandisi Nikawa Wakili wa Washtakiwa

Watu wengi hapa Mombasa huniuliza: mtu aliyesomea uhandisi wa majengo, ana kazi na mshahara wake, aachaje vyote akatetee "wezi"?

Chanzo ni kijana wa mtaani kwetu. Alikamatwa usiku, asubuhi akapelekwa kortini peke yake. Akakubali kosa akidhani ndiyo njia ya kurudi nyumbani mapema. Akafungwa. Mamake alinijia mimi kwa kuwa ndiye msomi aliyemjua, nami sikuwa na la kumwambia. Baadaye nikajua kwamba rufaa ya jinai hukatwa ndani ya siku 14, na zikipita, korti huweza kuombwa iongeze muda. Sisi siku zile tulizimaliza tukiulizana.

Nikarudi darasani. Shahada ya sheria ni miaka 4. Kisha kuna mafunzo ya uwakili katika Kenya School of Law, mitihani, na miezi 6 ya kujifunza kazi chini ya wakili mzoefu, ndipo mtu aapishwe mbele ya Jaji Mkuu. Miaka yote hiyo, mke wangu ndiye aliyeibeba nyumba.

Uhandisi haukupotea. Mhandisi hatazami rangi ya ukuta, huuliza ni nguzo gani inayobeba uzito. Kesi nayo ni hivyo hivyo. Mzigo wa kuthibitisha kosa uko kwa upande wa mashtaka, si kwa mshtakiwa. Kazi yangu ni kugonga kila nguzo: shahidi alisimama wapi, taa ilikuwako, kielelezo kilipita mikononi mwa nani? Zikisimama zote, hakimu ataamua. Ikianguka iliyobeba kesi, mtu hafai kufungwa.

Ndugu msomaji, shika haya. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki ya kuelezwa sababu, kunyamaza, kuzungumza na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata iwapo korti zimefungwa. Kifungu cha 50 kinasema serikali itampa wakili iwapo kumkosa kutaleta dhuluma kubwa.

Basi mfunze mwanao sentensi moja, aiseme kabla hajajibu shtaka: "Mheshimiwa, naomba kwanza nizungumze na wakili." Yule kijana hakuna aliyemfunza.