Komwe: Mbegu ya Bao Yenye Imetembea Dunia Kukushinda

Kama umekulia Ukunda, ama ulikuwa unapelekwa ocha Msambweni kila likizo ya Desemba, hii lazima ilikupata. Dogo mmoja anachukua komwe, anaisugua kwa simiti ya kibaraza mpaka ishike moto, halafu anakubandika nayo shingoni ukiwa umeangalia kando. Manze, hiyo kitu huchoma! Mimi nililia mbele ya mbogi yote na bado hawajasahau.

Juzi nilikaa na wazee fulani Msambweni wakicheza bao. Bao la Kiswahili lina kete 64, na zote zilikuwa komwe, zimeng'aa kwa kushikwa miaka na miaka. Nikamuuliza babu mmoja zinauzwa wapi. Alicheka hadi akasahau zamu yake. "Haziuzwi, mjukuu wangu. Nenda pwani ukaokote."

Nikaenda. Wasee, mkomwe sio mmea wa kupiga nao picha. Ni kichaka cha kutambaa, kinakaa juu kidogo ya pale maji hufika bahari ikijaa, na miiba yake imepinda kama ndoana. Ukiingiza mkono, kuutoa ni kazi. Hata ganda la mbegu lina miiba. Ndani unapata komwe moja au mbili, za kijivu, ngumu kama jiwe.

Sasa cheki drama ya jina. Mkomwe ni wa jamii ya kunde, kumaanisha ni ukoo mmoja na ile mbaazi unakula na mahamri asubuhi. Mwaka 1753 Msweden Linnaeus aliuita Guilandina bonduc. Hiyo "bonduc" inatoka kwa neno la Kiarabu bunduq, aina fulani ya kokwa. Waarabu wakatumia neno hilo hilo kwa risasi za mviringo, na huko ndiko sisi tulitoa bunduki. Kwa hivyo yule dogo wa kibarazani alikuwa ananipiga risasi kisayansi.

Mwaka 1832 mmea ukahamishiwa kwa jenasi Caesalpinia, na vitabu vingi vikashikilia hivyo. Shida ni kwamba Caesalpinia ilikuwa imegeuka stoo, kila kitu kinatupwa humo. Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Edeline Gagnon wakapima DNA, wakaigawanya hiyo familia kuwa jenasi 26, na mkomwe ukarudishiwa jina lake la kwanza. Yale maua mekundu na manjano unayaona kwa ua za hoteli Diani, Caesalpinia pulcherrima, yalibaki kwa nyumba ya zamani. Bara nako kuna ndugu yake, Guilandina volkensii, jina limetoka kwa Georg Volkens, Mjerumani aliyefanya utafiti Kilimanjaro miaka ya 1890.

Na ilifikaje kila mahali? Komwe iko Kwale, iko Madagaska, India, visiwa vya Pasifiki, Karibi mpaka Florida. Hakuna mtu aliipanda hizo pwani zote. Ganda lake halipitishi maji, na mbegu nyingi zina uwazi ndani, so zinaelea baharini muda mrefu bila kuoza. Mkondo wa maji ndio matatu yake. Zingine hutoka Karibi zikaishia Uskoti, kwenye baridi haiziruhusu kumea. Watu wa visiwa vya huko zamani walizivalisha watoto shingoni kama hirizi ya kuzuia kijicho. Shingoni tena!

Mahali hii mambo ya ukoo inakuwa serious ni hapa: pwani hiyo hiyo kuna mturituri, Abrus precatorius, nao pia ni jamii ya kunde. Mbegu zake ni ndogo, nyekundu, zina doa jeusi, na huwa zinatungwa kwa bangili za ufukweni. Zina sumu inaitwa abrini. Ukimeza nzima unaweza kupona ju ganda ni gumu, lakini iliyotafunwa au kutobolewa inaweza kuua mtoto. Kwa hivyo msee akikuambia "zote ni mbegu za pwani, zote ni dawa," toka hapo. Na bangili ya nyekundu usiwachie mtoto wa meno.

Kitu kinaniuma ni kwamba mkomwe unaonekana takataka. Ploti ya mbele ya bahari ikinunuliwa, kichaka ndicho hufyekwa kwanza ndio mgeni aone maji. Mzee mwenye alinicheka alisema zamani hakuwa anatembea mbali kupata kete. Mimi nilitembea karibu saa nzima nikapata komwe 11, na mkono wenye mikwaruzo kama nimepigana na paka.

Nilizitia kwa beseni nione. Saba zikaelea.