Namba sita hafungi mabao, sasa wamemuleta wa nini?

Kampene, katika teritware ya Pangi. Jua likishuka na wachimbaji wakirudi kutoka kwenye mashimo ya bati na ya dhahabu, mazungumzo ya mpira huanzia pale watu wanapochajia simu. Ikisikika kwamba ekipe fulani imesajili mchezaji mpya wa katikati, swali la kwanza ni lile lile: "Alifunga mabao ngapi kule alikotoka?" Mtu anajibu: "Mawili tu." Wengine wanacheka: "Mabao mawili! Sasa wamemuleta wa nini?" Ndipo mmoja anasimama kwa hasira: "Yaya, weye hujue mupira. Ule ni namba sita. Kazi yake haiko kufunga." Giza linaingia, simu zinachukuliwa, na hakuna aliyekubali kushindwa.

Mabishano haya ni matamu, lakini yana uzito wake. Mashabiki wanachanga franga ili ekipe ya mtaa isafiri. Wengine wanawekeana dau, mpaka feza ya chakula cha nyumbani inapotea. Na kijana aliyeletwa anaweza kuzomewa siku moja tu ya Jumapili, juu hakufunga, akavunjika moyo na kuacha mpira. Njo maana inafaa kuelewa: namba sita ni nani, na anapimwaje?

Kazi ya namba sita

Katikati ya uwanja kuna kazi tatu kubwa. Namba kumi yuko karibu na washambuliaji, anatafuta balo ya mwisho, ile inayozaa bao. Namba nane anapanda na kushuka, anasaidia mbele na nyuma. Namba sita anakaa mbele ya mabeki. Yeye ni kama mtu anayelinda mlango wa boma: balo ya wapinzani ikija, anaikata, ikishikwa, anampa mwenzake aliye wazi, mabeki wa pembeni wakipanda, yeye anabaki kuziba nafasi yao.

Kazi yake kubwa inaonekana kwa mambo ambayo hayakutokea. Shambulio lilizimika kabla ya kufika kwa golikipa. Mshambuliaji hatari hakupata balo hata mara tatu. Nani atahesabu mambo ambayo hayakutokea? Bao kila mtu analiona.

Mzaliwa wa Kinshasa na somo la Madrid

Mfano mkubwa wa kazi hii ni Claude Makélélé. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1973, akakulia Ufaransa, na akachezea ekipe ya taifa ya Ufaransa. Kuanzia mwaka 2000 alikuwa Real Madrid, pamoja na nyota kama Zidane na Figo. Katika miaka yake mitatu pale, Real ilichukua shampiona ya Hispania mara mbili, 2001 na 2003, na kombe la klabu bingwa Ulaya mwaka 2002.

Katikati ya mwaka 2003, Real ilimleta David Beckham na ikamwacha Makélélé aende Chelsea ya Uingereza. Mashabiki wengi walifurahi: jina kubwa limeingia, mtu wa kukata balo ametoka. Lakini Real ilingoja mpaka 2007 ndipo ikachukua tena shampiona ya Hispania. Chelsea nayo, Makélélé akiwa katikati, ilikuwa bingwa wa Uingereza 2005 na 2006. Katika msimu wa kwanza kati ya hiyo miwili, ilifungwa mabao 15 tu katika mechi 38.

Na Makélélé mwenyewe alifunga mangapi kule Chelsea? Katika mechi zaidi ya 200, mabao mawili. Ni yale yale mawili wanayoyacheka pale kwenye kuchajia simu.

Leo kuna kijana mwingine ambaye mashabiki wa Léopards wanamfuata kwa karibu: Noah Sadiki. Alizaliwa Bruxelles mwezi wa Desemba 2004 na akachagua kuvaa jezi ya Congo. Mwaka 2025 alikuwa katika Union Saint-Gilloise ilipokuwa bingwa wa Ubelgiji, jambo ambalo klabu hiyo haikulipata tangu 1935. Mwezi wa Julai mwaka huo, Sunderland, iliyokuwa imepanda tu kuingia daraja la juu la Uingereza, ikamnunua. Yeye pia hajulikani kwa mabao mengi. Anajulikana kwa mapafu: anakimbia, ananyang'anya, anarudi.

Jambo la kuangalia ni kwamba Sunderland haikumleta peke yake. Wakati ule ule ilimchukua Granit Xhaka wa Uswisi, mtu wa miaka mingi kazini, anayejua kugawa balo. Kijana wa kukimbia akapata mkubwa wa kupanga. Anayemuangalia Sadiki bila kumuangalia mwenzake anaona nusu tu ya mchezo.

Mpango wa kocha unabadilisha kila kitu

Hapa ndipo mabishano mengi yanapopotea njia. Watu wanauliza kama mchezaji ni mzuri, lakini hawaulizi atacheza na nani, na katika mpango gani.

Tuchukue vifuniko kumi na kimoja vya chupa, tuvipange chini. Kimoja ni golikipa. Vinne ni mabeki. Tukiweka vitatu katikati na vitatu mbele, huo ni mpango wa 4-3-3. Mara nyingi hapo namba sita anakuwa mmoja, na nafasi ya kulinda ni kubwa. Anatakiwa awe na akili ya kuona hatari mapema, juu akikosea hakuna wa kumsaidia haraka.

Tukivuta vifuniko viwili kutoka mbele na kupanga wawili mbele ya mabeki, halafu watatu, halafu mmoja wa mwisho peke yake, huo ni 4-2-3-1. Sasa walinzi wa katikati ni wawili. Mmoja anaweza kupanda na mwingine abaki. Mlango umefungwa vizuri zaidi, lakini yule wa mbele anaweza kukaa mpweke.

Katika 4-4-2 wako wanne kwa mstari katikati, na wawili tu kati yao wako ndani. Wapinzani wakileta watatu mahali pale, wawili wetu watakimbia mpaka wachoke.

Kwa hiyo mchezaji yule yule anaweza kuonekana simba katika mpango mmoja na mzigo katika mpango mwingine. Wachezaji wawili wazuri wanaweza pia kuharibiana: kama wote wanapenda kupanda, nyuma kunabaki shimo. Wapinzani wakipita hapo, lawama inamwangukia mgeni, wakati kosa liko katika mpango.

Zero kwa zero ya Pretoria

Maniema ina mfano wake wa karibu. Tarehe 26 Novemba 2024, AS Maniema Union ya Kindu ilicheza Pretoria, Afrika Kusini, dhidi ya Mamelodi Sundowns, katika makundi ya kombe la klabu bingwa Afrika. Sundowns ni ekipe iliyozoea kushika balo na kuizungusha mpaka mpinzani achoke. Mechi iliisha 0-0. Kwa mtu anayehesabu mabao, hakuna kilichotokea. Kwa anayeelewa kazi ya katikati, pointi moja katika nyumba ya ekipe kubwa vile ni mavuno.

Lakini haki itolewe kwa upande wa pili pia. Kundi lile lilikuwa na FAR ya Rabat na Raja ya Casablanca, na lilipomalizika Union ilikuwa ya mwisho. Anayesema "kulinda peke yake hakutoshi" hasemi uongo. Namba sita anaweza kukuzuia usifungwe. Hawezi kukupa ushindi kama balo aliyoinyang'anya haina mtu wa kuipeleka mbele. Pale kwenye kuchajia simu, kila mmoja ameshika nusu ya ukweli.

Kiwanja cha matope

Kampene haiko Pretoria. Mvua yetu ni ya msitu, na kiwanja kikilowa, balo inakwama kwenye matope au inaruka inapotaka. Pasi fupi za katikati zinakuwa hatari: mara moja inakatwa, na mshambuliaji wa upande mwingine yuko peke yake na golikipa.

Katika hali hiyo ekipe nyingi zinapiga balo ndefu, halafu zinagombania ile inayodondoka baada ya watu kurukiana kwa kichwa. Hiyo balo ya pili ndiyo chakula cha namba sita. Asiposimama mahali pazuri, ekipe yake itakimbia nyuma siku nzima. Kwa hiyo mchezaji mwenye miguu ya kupendeza, aliyezoea uwanja wa majani mazuri, anaweza kuhitaji wiki nyingi kabla ya kuzoea kiwanja chetu. Kumpa mechi moja tu ni kumwonea.

Redio inasema nini, inaacha nini

Wengi wetu mechi kubwa tunaisikia redioni. Na mtangazaji anafuata balo. Anapaza sauti ikiwa karibu na goli, anataja jina la aliyepiga, la golikipa, la beki aliyeokoa. Aliyesogea hatua mbili kuziba njia, mpinzani akalazimika kurudisha balo nyuma, hatajwi. Msikilizaji anamaliza dakika 90 akisema: "Ule mupya sikumusikia kabisa." Kumbe labda alifanya kazi ya watu wawili.

Mtangazaji akisema mara nyingi kwamba wapinzani "wanarudisha nyuma" au "wanapitia pembeni", ni dalili kwamba katikati pamefungwa. Akisema mara nyingi kwamba balo "imepita katikati", tujue mlango uko wazi, hata kama bado 0-0.

Karatasi kwanza

Kuna jambo ambalo mashabiki wanalisahau wakati wa kubishana: leseni. Mchezaji asiyeandikishwa vizuri akiingia uwanjani, wapinzani wanaweza kupeleka malalamiko, na ushindi wa jasho ukageuka kuwa kushindwa mezani, mara nyingi 3-0. Michango yote ya kumleta inakuwa bure.

Kwa watoto wa Kampene jambo hilo ni zito zaidi. Sheria ya FIFA inasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa feza, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23. Klabu ndogo pia ina haki ya fungu lake. Lakini lazima mtoto awe ameandikishwa kwenye shirikisho, na miaka aliyocheza pale ijulikane. Mtoto aliyecheza miaka mitano bila karatasi, kwa sheria ni kama hakucheza kwetu.

Jumapili ijayo

Kuna njia rahisi ya kumaliza mabishano, au hata kuyapunguza. Mashabiki wawili wanaopingana wakae pamoja kando ya kiwanja na kipande cha karatasi. Kwa dakika 15 za kila kipindi wamwangalie namba sita peke yake, wasifuate balo. Waandike mambo manne: balo alizonyang'anya, balo alizopoteza, pasi alizopeleka mbele, na mara ngapi wapinzani walipita katikati yeye akiwa hayupo mahali pake.

Wafanye hivyo kwa mechi tatu au nne, kiwanja kikavu na kiwanja cha matope, ndipo wahesabu. Kama anapoteza nyingi kuliko anazonyang'anya, aliyekuwa akicheka ana haki ya kusema. Kama mlango umefungwa na pasi zinaenda mbele, basi anunuliwe maji ya kunywa, hata kama hajafunga bao lolote.