Dawa ya Kifafa na Ushahidi wa Damu

Kifafa ni maradhi kama maradhi mengine, na dawa yake ina kadiri. Ikipungua, mgonjwa huanguka, ikizidi, humdhuru. Kipimo cha damu ndicho kionyeshacho dawa imefika kiasi gani mwilini.

Tumeulizwa na mama mmoja wa Pwani, auzaye nguo katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii. Mwanawe wa miaka 12 anatumia fenitoini, naye angali anaanguka. Tabibu ametaka damu ipimwe kabla ya kuongeza dozi. Mama ana hofu: je, anatuhumiwa kuwa hampi mwanawe dawa?

La, dada yetu. Hiyo si tuhuma, ni hadhari. Kima cha fenitoini kinachokusudiwa aghalabu ni kati ya miligramu 10 na 20 katika lita moja ya damu. Ini lina mpaka wa kuisafisha dawa hii. Mpaka ukifikiwa, nyongeza ndogo hupandisha kima ghafla. Mtoto hupepesuka, macho humcheza, huona vitu viwiliviwili, akasinzia mchana. Tabibu aongezaye dozi bila kujua kima ni kama mpishi atiaye chumvi katika mchuzi asiouonja.

Hata hivyo, yako ambayo mzazi ni lazima ayaseme mwenyewe. Huenda kima kimeshuka kwa kuwa pesa zilikwisha, au siku ya soko kidonge kilisahauliwa, au dawa iliachwa ili mtoto anyweshwe kombe. Mzazi akiyaficha hayo, dozi itaongezwa bure. Na siku atakapompa mtoto kila kidonge bila kukosa, dawa itamlevya. Wala jambo hili si la Kisii pekee. Hata kwetu Kilifi, utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliopima damu za wenye kifafa, ulikuta zaidi ya nusu yao hawana tiba ipasavyo.

Siku ya kupima, kwa kawaida damu hutolewa asubuhi kabla ya kidonge. Mtoto akameze baada ya kutolewa. Mwambie tabibu saa ya dozi ya mwisho, na dawa nyingine zote, hasa za kifua kikuu, kwani hubadilisha kima. Mwanamke mwenye kifafa akishika mimba, au akinuia kushika, amwone tabibu mapema.

Ama kuhusu Ramadhani, kutolewa damu ya kipimo hakubatilishi saumu katika madhehebu yetu ya Shafi. Aliyebaleghe amuulize tabibu kama dozi zaweza kupangwa wakati wa futari na daku. Akihofiwa kudhurika, sharia imemruhusu kula.

Dua ni haki ya mgonjwa, na dawa ni haki yake pia. Moja haiondoi nyingine. Msiikatize dawa ghafla, kwani mgonjwa aweza kushikwa na kifafa kisichokatika, nacho huua. Semeni kweli mbele ya tabibu, maana amana ya mtoto ni nzito.

Wallahu aalam.