Wakili wa Kaskazini Mashariki na Siku Kumi na Nne za Katiba

Katika uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, kuanzia Mandera hadi Ijara kwenye kingo za msitu wa Boni, sheria ilifahamika kwanza kwa ukali wake. Hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa Desemba 1963, wakati wa mapigano yaliyokuja kuitwa vita vya shifta, haikuondolewa hadi 1991. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha hata sheria ya kuwakinga maafisa wa serikali wasishtakiwe kwa matendo yao ya miaka hiyo.

Ni katika muktadha huo ambapo maisha ya kisiasa ya Abdikadir Mohammed hupata uzito. Wakili huyu, aliyesomea Nairobi na Harvard, alichaguliwa mwaka 2007 kuwa mbunge wa Mandera ya Kati kwa tiketi ya Safina, chama kidogo kando ya miamba miwili, PNU na ODM. Wanasheria bungeni si wachache. Lililomtofautisha ni kukabidhiwa uenyekiti wa Kamati Teule ya Bunge kuhusu marekebisho ya katiba.

Kazi ya kuandika rasimu ilikuwa ya Kamati ya Wataalamu chini ya Nzamba Kitonga, na si haki kumvika Abdikadir sifa ya watu wengi. Mchango wake ulikuwa kuwakutanisha mahasimu. Huko Naivasha, Januari 2010, kamati yake iliafikiana kuhusu mfumo wa urais, suala lililokuwa limewagawa wanasiasa kwa miaka mingi. Rasimu ilipofika Bungeni, mapendekezo zaidi ya mia moja ya kuibadilisha yaliwasilishwa; hakuna hata moja lililopata kura za kutosha. Ikapitishwa tarehe 1 Aprili, wananchi wakaiidhinisha katika kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti, na ikazinduliwa tarehe 27 Agosti.

Wapenzi wa Kiswahili huitaja zaidi Ibara ya 7, iliyokipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza (ingawa mjadala wenyewe bungeni uliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa Kiingereza!). Kwa mkaazi wa Ijara, hata hivyo, Ibara ya 58 ndiyo nzito. Hali ya hatari sasa haiwezi kudumu zaidi ya siku 14 bila idhini ya Bunge la Taifa. Nyongeza ya kwanza huhitaji thuluthi mbili ya wabunge wote, zinazofuata robo tatu, na kila moja isipite miezi miwili. Siku 14, mahali palipoishi chini ya amri hiyo kwa takriban miaka 28.

Abdikadir aliendelea kuongoza kamati ya kusimamia utekelezaji wa katiba, kisha akawa mshauri wa Rais Uhuru Kenyatta kuhusu masuala ya katiba na sheria. Mwaka 2015 operesheni ya Linda Boni ilianza katika msitu unaopakana na Ijara. Serikali haikutangaza hali ya hatari. Ilitumia sheria za kawaida za usalama, na kwa hizo ukomo wa siku 14 hauhusiki.