Kazi ya Mikono ya Mtoto, Iache Iwe Yake

Wengi wetu tuliolelewa kijijini tunamkumbuka mwanasesere wa gunzi la mahindi na gari la waya la kaka zetu. Gari lile lilikuwa na magurudumu ya ndala kuukuu na usukani wa fimbo ndefu. Mwenyewe alilisukuma njiani akinguruma kwa mdomo kama dereva wa basi. Alilionea fahari kwa sababu alilitengeneza mwenyewe.

Siku hizi kazi nyingi za mikono hutoka shuleni. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika kote nchini Kenya mwaka 2019, watoto wa madarasa ya chini walianza kuja nyumbani na kazi za kufinyanga, kusuka na kuunda. Wazazi wengi walilalamikia gharama na usumbufu. Wengine wakaona njia ya mkato: mtoto akishalala, mama huketi mezani na gundi na mkasi, au humlipa fundi. Asubuhi mtoto hubeba kitu cha kupendeza ambacho hakukigusa. Mwalimu akimsifu, anajua moyoni kwamba sifa si zake. Tena amejifunza kwamba mikono yake haiaminiki.

Basi tufanyeje, akina mama?

Kwanza, tumpe vitu vilivyo karibu: maboksi, vizibo vya soda, vipande vya kitambaa, majani makavu ya mgomba.

Pili, tumwelekeze bila kumfanyia. Akifinyanga chungu, tumwambie auondoe udongo mawe, aukande vizuri, kisha akianike kivulini, maana jua kali hukipasua. Kikipasuka, aanze tena. Panapohitajika kisu au waya, tukae karibu naye.

Tatu, akimaliza tusicheke wala tusimlinganishe na dada yake. Tumwombe atueleze alivyokitengeneza, nasi tusikilize mpaka mwisho. Kisha tukiweke kabatini pamoja na vikombe vya wageni. Mgeni akiuliza ni cha nani, tumwache mtoto ajibu mwenyewe.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Kile chungu kilichopinda ndicho mbachao wa mtoto wetu. Kesho atakapopewa kazi ngumu zaidi, atakumbuka kwamba aliwahi kuanza jambo na kulimaliza kwa mikono yake.